Miche Sita ya Beata

Mkumbi, Mbinga
21 Januari

Mpendwa Dada Restituta,

Shikamoo. Natumaini huko Tingi hamjambo na mguu wa shemeji umepoa. Sisi tu wazima, mahindi yamefika magotini. Ningekupigia simu, lakini haya kwa mdomo nisingeyamaliza.

Ni habari za Beata, yule binti niliyekabidhiwa na ustawi wa jamii nimlee. Nyumba mbili zilikuwa zimeshamrudisha. Mimi nikaogopa watu wasije wakasema Vitalia kachukua mtoto wa watu amlimie kahawa. Wanangu wakienda shamba, yeye nilimwachia kiti, chai na daftari. Hata kikombe sikumruhusu kuosha!

Lakini hakusoma, dada. Mwalimu Meshack aliniita akaniambia amekuwa wa mwisho darasani, na akigombezwa hujibu kwamba hapo shuleni hatakaa sana. Nguo zake mwaka mzima hazikutoka kwenye begi, zipu imefungwa. Nikamwona hana shukrani, na iliniuma.

Wiki iliyopita tulikuwa tunapanda miche ya kahawa, akaja bila kuitwa, akauliza kama naye anaweza kupanda. Nikampa sita, nikamwambia ni yake. Akauliza itazaa lini. Nikasema mwaka wa tatu. Akauliza tena kama siku ya kuchuma naye atakuwepo. Akasema kule alikotoka pia hawakumpa kazi, alikaa kama mgeni mpaka gari likaja kumchukua.

Nakuungamia wewe kabla ya padri: mwezi Desemba niliwaandikia ustawi nikiomba wamchukue. Gari lilikuwa lije Jumatatu hii.

Jana nilikwenda Mbinga mjini kuifuta barua ile. Afisa aliniuliza safari hii nitakaa naye kwa muda gani. Nikamjibu kwamba Beata achume kwanza kahawa yake, ndipo yeye afisa aje aniulize tena.

Nilipofika nyumbani nilikuta nguo zake zimetundikwa pamoja na za mwanangu Adrian. Begi alinipa mwenyewe, akasema linafaa kuwekea maharage ya mbegu. Jioni aliomba taa afanye hesabu.

Msalimie shemeji na watoto. Beata anakuamkia mama yake mkubwa, anasema mwaka wa tatu uje umsaidie kuchuma, na usisahau usipa, vile vidagaa vya ziwani.

Mdogo wako,
Vitalia