Ndoo Uliyonificha Bafuni

Mama Zuhura, mke wangu,

Sikuandikii kukusalimu. Salamu zangu nimekuletea kaburini siku arobaini, asubuhi na jioni. Leo nakuandikia kwa sababu nina hasira, na katika nyumba hii mtu niliyezoea kumweleza hasira zangu ni wewe.

Nianzie mbali, maana ulikuwa ukinilaumu kwamba nasimulia mambo kuanzia mkiani.

Unakumbuka siku nilipoleta lile bomba la mvua kutoka Masasi. Kiwanda cha korosho kilikuwa kimefungwa, na mimi, karani wa mizani, nilikuwa narudi Newala na kiinua mgongo ndani ya bahasha. Zilikuwa enzi za ruksa, maduka yamejaa vitu ambavyo zamani tulivisikia tu. Nikazipita redio, nikazipita sabuni za rangi rangi, nikachukua mpira mrefu unaong'aa, wenye kichwa cha matundu. Ulipouona ulicheka mpaka ukakaa chini.

"Mvua ndani ya nyumba, Baba Zuhura! Na huko nje hata wingu hakuna!"

Lakini uliniuliza nitalifunga lini, na ukauliza tena kabla sijanawa mikono.

Nililifunga mwenyewe. Nilitoboa ukuta wa bafu la uani, nikaleta bomba kutoka chini ya tangi letu la saruji, lile linalokinga maji ya paa, nikaunga mpira kwa nati. Koki yake iko kwenye kichwa cha kushika mkononi, kwa hiyo mpira hubaki umejaa maji wakati wote. Tangi haliko juu sana, ikabidi tuwe tunaoga tumekaa kwenye kigoda. Ulitoka umejifunga kanga, unanukia sabuni, ukasema, "Leo na mimi ni mke wa meneja." Ulimwambia hivyo mtu aliyeachishwa kazi. Sijasahau.

Baada ya miezi michache ukaniambia pale kwenye nati panadondosha. Nikachukua plaizi, nikakaza. Ukaniambia tena. Nikakaza zaidi, nikakujibu vibaya.

"Nimeshakaza! Au unataka niite fundi, watu waseme mumeo hata nati imemshinda?"

Kesho yake nilipokuuliza, ukasema, "Haivuji tena."

Ulinidanganya, Mama Zuhura. Miaka sita uliweka ndoo chini ya nati ile. Mimi niliiona kila siku nikadhani ni ndoo ya kufulia. Kila alfajiri, kabla sijaamka, uliibeba ikiwa imejaa, ukaenda kumimina kwenye mtungi wa jikoni. Wewe uliyekulia kwenye kushuka bondeni na mama yako kutafuta maji, na kuupanda tena mlima ule na ndoo kichwani, nilikuoa nikakuleta kwenye nyumba yenye tangi ili upumzike. Kumbe umeendelea kubeba ndoo ndani ya nyumba yangu, kwa sababu yangu, na miguu imekuvimba.

Sasa sikia kilichotokea baada yako.

Ulipofariki, nilishindwa kuingia bafuni. Nikawa naoga nyuma ya jiko kwa kopo. Siku ya tano au ya sita, alfajiri, nikamwona jirani yetu Mama Saidi anatoka bafuni kwetu na ndoo imejaa maji. Nilisimama dirishani. Nilijua ninachokiona. Huyu ndiye aliyekuosha, akakuvisha sanda, na sasa anatuibia maji. Nikafunga koki ya nje ya tangi kwa mnyororo na kufuli. Mlango wa uani nikaukomea kwa ndani, asiingie.

Kila siku nilipogonga tangi kwa vidole, lililia tupu zaidi. Hasira zikapanda. Asubuhi moja nikaenda kwenye kioski cha maji, foleni ya wanawake imefika barabarani, Mama Saidi yumo. Nikasema kwa sauti, kila mtu asikie:

"Wengine wanapanga foleni ya nini, na tangi la marehemu wanalijua lilipo?"

Aliitua ndoo yake tupu, akaniangalia, akaichukua, akarudi kwake bila maji.

Ilipokaribia arobaini, mwanao Zuhura akaja kutoka Mkomaindo, kule Masasi, kupika chakula cha arobaini. Akafungua bafu. Nikamsikia anapiga kelele.

"Baba! Humu maji yanakimbia! Ndoo ya mama siku hizi nani anaimwaga?"

"Ndoo gani?"

Alinitazama kama vile nimesahau jina lake. Akakaa kwenye kizingiti, akanieleza yote. "Mama alinikataza nisikuambie. Alisema baba amefungiwa kiwanda, asifungiwe na bafu pia. Miguu ilipomzidi, akawa anamwomba Mama Saidi aje kumwagia. Wewe ukiwa umelala."

Nilikwenda bafuni, nikafungua nati. Ndani mna kiraba cha duara, hicho ndicho kinachozuia maji. Kilikuwa kimekauka na kupasuka kama ganda la mbaazi. Wala si suala la kukaza. Kadiri nilivyokuwa nakaza ndivyo nilivyokuwa nakiponda. Nikakata kingine kwenye tyubu ya baiskeli, nikakiweka, nikafunga nati kwa mkono bila plaizi. Nikapitisha kidole chini yake. Kikavu. Chai ya Zuhura ilikuwa bado haijachemka.

Kazi ya muda mfupi hivyo! Kwa kazi hiyo ulibeba ndoo miaka sita! Ungenipigia kelele. Ungeita fundi nikiwa msibani, nikarudi nikanuna siku tatu, yakaisha. Uliona mume wako ni yai? Ulinistahi, najua. Lakini kustahiwa namna ile ni kutukanwa, Mama Zuhura, na wanawake watatu mlijua, mimi tu sikujua. Nimekukasirikia mpaka nimeshindwa kula ubwabwa wa arobaini yako mwenyewe.

Nikaenda kwa Mama Saidi. Nilimkuta anachambua mbaazi.

"Hodi. Nimekuja kuomba radhi."

"Mwizi haombwi radhi, Baba Zuhura. Mwizi anapelekwa kituoni."

"Kwa nini hukunieleza?"

"Uliniuliza? Na mwenzangu nilimwahidi. Kufa kwake hakukuifuta ahadi yangu." Akaendelea na mbaazi zake. "Hapa hapanihusu. Jina langu umelichafua kioskini. Lisafishe kioskini."

Nimetoka huko leo asubuhi. Foleni ilikuwa ndefu kama siku ile, naye yumo, karibu na mbele. Nilisimama pale pale. Nikasema Mama Saidi hakuiba maji yangu, bali aliyaokoa, kwa sababu mpira wa bafu langu ulikuwa unavuja na mimi sikujua kuutengeneza, na mke wangu alinificha. Bibi mmoja akasema, "Karani mzima, raba imemshinda!" Wakacheka, nikawaacha wacheke.

Mama Saidi hakucheka. Alijaza ndoo yake, akajitwika, akapita mbele yangu.

"Nimekusikia," akasema. "Sasa ndoo yako iko wapi? Tangi si limekauka? Kaichukue, upange foleni kama watu."

Nimekuja kuchukua ndoo, ndipo nikakaa kukuandikia. Hasira bado ninazo, nami sitakudanganya kama ulivyonidanganya. Lala salama hata hivyo. Naenda kupanga foleni.

Mumeo,
Baba Zuhura