Sikio la Baba

Dada yangu mpendwa,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata wewe uliyekuwa unanisikia nikiongea usingizini. Ila nikilianza hilo utasema nimekosa adabu, basi kwanza shikamoo. Shemeji hajambo? Na huyo wa tumboni, bado anakupiga mateke? Sisi wazima. Barua hii niliianza kwa Kiingereza, ikatoka kama ya kuomba kazi. Nikaichana.

Baba ni mzima, isipokuwa sikio la kushoto, ambalo sasa limeziba kabisa. Bado anapeleka mashuka ya hospitali kwa dobi na kuyarudisha, kwa ile vani kuukuu uliyoibandika jina la Bibi Harusi. Tangu uolewe nyumba imepoa. Tunakula, yeye anaangalia sahani yake, mimi yangu. Unanijua, hata kuomba chumvi naona haya.

Halafu Bibi Harusi akaanza kulia. Asubuhi injini ikiwa baridi, cha-cha-cha, kama vijiko ndani ya mfuko. Ikishapata moto, kimya. Mwenye sikio moja husikia mlio lakini hajui unatoka wapi, kwa hiyo Jumapili moja Baba akanipa bisibisi ndefu, ncha niiweke kwenye injini, mpini nyuma ya sikio. Akasema, "Nisikilizie wewe. Mimi nausikia kila mahali."

Dada, mle ndani kuna mji mzima. Maji yanapita, mtu anashona kwa cherehani, mvua inanyesha kwenye mabati ya mbali. Nilifumba macho nikapotelea humo. Nilipoyafumbua, Baba alikuwa amebana pumzi, ananingoja. Hakuna aliyewahi kuningoja mimi niseme kitu. Kisha tukaizima, tukakaa nyuma juu ya marobota ya mashuka yenye joto la pasi, tukisubiri injini ipoe tuanze upya. Akanisimulia ulivyozaliwa, na marehemu Mama alivyocheka alipokuona kichwa chako hakina hata unywele. Na mimi, usiamini, niliongea kama redio.

Ikawa ndiyo kazi yetu ya kila Jumapili.

Kwa fundi tulikwenda mara mbili, na kila tukifika injini imeshapata moto, haina neno. Fundi akatania kwamba gari limefanana na binti, likiona wageni linameza ulimi. Akauliza mlio unatokea wapi. Baba akanionyesha mimi, akasema, "Muulize sikio langu." Nikajibu unatoka chini, ndani kabisa. Fundi akatikisa kichwa, akasema kama ni chini basi beringi zimelika, injini ishushwe yote, na kwa umri wake ni afadhali liuzwe likachinjwe spea.

Jumatano Baba alikubali. Mnunuzi atakuja kesho asubuhi kulivuta. Baba amepata kazi ya stoo katika mji mwingine, atakuwa anarudi mwisho wa mwezi, na mimi nitahamia kwa shangazi. Aliniambia hayo huku akikunja shuka, pembe kwa pembe, bila kunitazama.

Dada, mlio hautoki chini. Nimejua tangu Jumapili ya pili. Ni lile bati jembamba la kukinga joto, juu ya bomba la moshi. Bolti yake moja ilichomoka, bati likawa linatikisika mpaka lipate moto, litanuke, lijibane lenyewe. Baba alipoingia ndani kunywa maji, nililikandamiza kwa kitambaa, kimya. Nikaliachia, cha-cha-cha. Bolti niliikuta imelala pembeni, nikaitia mfukoni. Baba aliporudi akauliza kama nimejua mlio unatoka wapi. Nikasema bado.

Nimesema bado Jumapili tano. Kila mara nilitaka moja tu zaidi.

Nimejaribu kumwambia tangu Jumatano. Mkono unaandika, mdomo ndio unakufa ganzi.

Msalimie sana shemeji. Huyo wa tumboni mwambie ana mama mdogo muongo anayempenda.

Nasikia ndara za Baba kwenye korido. Siku zote akikaribia, karatasi hii huwa naisukumia chini ya godoro. Sasa nimeiweka mezani, maandishi juu, na bolti juu yake. Amefika mlangoni. Itakufikia akishaisoma yeye.

Mdogo wako,
Sikio la Baba