Minyaa ya Mama

Jumatatu, 9 Septemba 1974
Nimemaliza kupima mstari wa tano wa kijiji kipya. Kamba, vigingi na dira. Nyumba zimenyooka, zote sawa, milango upande mmoja. Bwana Mipango wa wilaya kasifu. Nilifurahi mpaka saa sita, nikaitwa. Mama kaingia tena nyumbani kwa balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Jumanne, akaketi jikoni akaanza kusonga ugali wa watu. Mara ya tatu tangu tuhamie. Wanawake walicheka. Aibu niliyoipata!

Jumatano, 11 Septemba
Nimeandika 47 mlangoni kwetu kwa chokaa, kubwa kabisa. Mama katazama, kauliza hiyo 47 ina tofauti gani na zile za wengine. Hajui kusoma, nami nilisahau. Nikachukia. Nikamwambia asitoke uani bila mtu. Nimemwambia hivyo mama yangu mzazi.

Maria, mke wangu, kaninunia. Anasema kule kwetu juu tulikohama wageni wote walikuwa wakielekezwa na Mama: pita jiwe lililoatamia kama kuku, weka upepo shavu la kulia, ukiona ua wa minyaa umefika. Kweli. Hakuna aliyepotea.

Alhamisi, 12 Septemba, asubuhi
Mama hayupo. Panga halipo, na kamba yangu ya kupimia haipo. Tumepita mistari yote mitano. Balozi anakusanya watu. Jua kali, maji hakubeba. Nikimkosa, ni mimi niliyemfukuza. Naenda kwetu juu.

Ijumaa, 13 Septemba
Yupo. Mzima.

Jana nilishika dira nikaenda kaskazini moja kwa moja. Kumbe kaskazini ni kubwa. Nyumba zilibomolewa siku ya operesheni ya kutuhamisha, miti imekatwa, vumbi limefunika njia. Mahali nilipozaliwa sikupajua! Nikazunguka mawe yaleyale mara mbili, koo limekauka, naita "Mama! Mama!" kama ndama.

Akakohoa nyuma ya jiwe. Kakaa kivulini, mikono imejaa utomvu, mbele yake mzigo wa matawi ya minyaa. Ua wetu wa zamani. Kaufunga kwa kamba yangu.

"Umepotea, baba?"

Nililia. Sioni haya kuandika. Alikuwa amekuja kuchukua alama ya nyumba yake, basi. Maji alikunywa kwenye kidimbwi cha mwambani ambacho mimi nilikisahau. Akaninywesha na mimi.

Kurudi aliongoza yeye. Upepo shavu la kushoto. Hakusita hata mara moja, nami nimebeba mzigo nyuma, dira mfukoni. Tulipofika nyumba ya kwanza ya mstari wa kwanza akasimama. Akaninyooshea mkono.

"Hapa ni kwako. Niongoze."

Nikamshika mpaka mlangoni. Watu waliona, hakuna aliyecheka.

Jumapili, 29 Septemba
Minyaa imeshika. Sita kila upande wa mlango. Mama haingii tena kwa watu, isipokuwa akitaka umbea.

Mzee Jumanne naye kaweka jiwe la kusagia la marehemu mkewe mbele ya nyumba yake. Jirani wa pili katundika kibuyu. Bwana Mipango alikuja, akaguna kwamba mistari inaharibika. Kisha akaniuliza kwa katibu wa kijiji ni wapi. Nikamwambia mstari wa tatu, namba 31. Akapotea. Mama akamwelekeza.

Moja sijamwambia mtu, hata Maria. Tangu tuhamie, nami jioni nikitoka shamba nilikuwa nahesabu milango kutoka kona, kimoyomoyo, nisije nikaingia kwa jirani. Mimi niliyeipima.

Jana sikuhesabu. Niliona minyaa, nikaingia. Mama alikuwa anasonga ugali.