Mtaala Uliomkausha Tamsin

Barabara ya Kinu,
Mifflinburg, Pennsylvania.
9 Machi.

Mpendwa Dada Rosalind,

Habari za huko Alaska? Mgongo umepoa, au bado unawanyanyua wagonjwa kana kwamba hospitali nzima haina mwanamume? Sisi hatujambo. Theluji inayeyuka na ua wote umekuwa tope. Garrett kikohozi kimemwachia, na watoto wanakula kama nzige. Aliyechoka ni mimi, na usiponisikiliza wewe nitaishia kuongea na kuku.

Unajua tangu tulipoamua watoto wasomee nyumbani, hesabu hazijanisumbua, wala sayansi. Kinachonitoa roho ni uandishi. Kina mama wenzangu wa kanisani wanaosomesha nyumbani, kila mmoja ana mtaala wake na anautetea kama mchumba. Huyu anasema watoto waige maandishi ya wakubwa, yule anasema waachwe mpaka waive wenyewe. Nilitoka pale kichwa kinaniuma.

Basi nikamfuata Bi Ottilie, mwalimu mstaafu anayewakagua watoto wetu kila mwaka. Akanishauri nichukue mtaala wa hatua kwa hatua. Kila aya iwe na kielezi, kivumishi chenye nguvu na sentensi yenye "ambaye", na mtoto atie alama kila anapotimiza. Nikauagiza siku ileile.

Kwa Wendell umekuwa dawa. Aliyekuwa akijificha chini ya meza akiona penseli, sasa anaandika aya nzima juu ya matrekta na kudai nyingine.

Lakini Tamsin, dada! Yule aliyekuwa akiandika hadithi hata nyuma ya bahasha za bili ya umeme! Majuzi mbuzi wake Juniper alikufa, nikaona heri aandike juu yake. Akaandika. Nikaangalia orodha, kielezi hakuna.

"Cha nini, Mama?"

"Weka hata 'kwa huzuni'. Juniper alikufa kwa huzuni."

"Huzuni ilikuwa yangu, si yake."

"Usinibishie, Tamsin. Weka tusonge mbele."

Akaweka. Akaweka na "ambaye". Tangu hapo akawa ananipa insha zenye alama zote, na ndani yake hamna mtu.

Mama mkwe naye hakukawia. Unamjua Marjean: "Mwanangu, basi la shule linapita mlangoni kwako kila asubuhi. Ni la njano, huwezi kulikosa." Garrett, badala ya kunitetea, akameza supu yake akasema labda mama ana hoja. Akaamua kwamba Bi Ottilie asiporidhika, Septemba wote wawili waende shule.

Wiki iliyopita tukaenda kukaguliwa. Wendell akapita huku anachekacheka. Insha ya Tamsin, Bi Ottilie aliisoma akavua miwani.

"Corinne, mtoto huyu anaandika kama maelekezo ya kufungulia kopo. Umemfanya nini?"

Nimemfanya nini! "Si wewe uliyenipa mtaala huo?"

"Nilikupa kwa ajili ya mvulana. Nani alikuambia umlishe na msichana?"

Siku ile hakusema ni wa Wendell peke yake, naapa! Akatupa mwezi mmoja, turudi na kitu kingine. Njia nzima niliendesha gari nimefura kama andazi.

Tulipofika nikaenda na Tamsin kusafisha banda. Nikamwambia, "Nieleze Juniper alivyokufa. Usiandike, nieleze tu." Akanieleza, amenipa mgongo, chepe mkononi. Alipomaliza nikamwambia akaandike vilevile, na ile orodha nimeichoma. (Sijaichoma, ni ya Wendell. Nimeificha juu ya jokofu.)

Akaandika: "Juniper alilala kwenye majani makavu niliyombadilishia. Niliweka mkono ubavuni mwake. Ubavu ukapanda, ukashuka. Nikangoja upande tena."

Hamna "ambaye". Kielezi cha kutiwa alama ni hicho "tena" peke yake, nacho ndicho kilichonivunja. Marjean aliisoma mezani, akairudia, kisha akainuka kuosha vyombo vilivyokuwa safi. Basi la shule halikutajwa jioni ile. Kesho yake lilirudi.

Kwa hiyo nimebaki na watoto wawili, meza moja, na mtaala unaomfaa mmoja na kumkausha mwenzake. Kama Bi Ottilie ataukubali ukurasa usio na alama, sijui. Garrett naye hajabadili kauli. Nina hasira na wote, nikiwemo mimi. Ila leo asubuhi nilipochungulia chumbani kwa Tamsin kumwita aje kula, hakuinua hata kichwa kwenye karatasi.

"Mama, nenda. Sijamaliza."

Nikaenda.

Wasalimie shemeji Anders na mapacha. Garrett na watoto wanakusalimu, na hata Marjean. Mungu akulinde na baridi ya huko, na akupe likizo utufikie kabla ya kiangazi kwisha.

Mdogo wako akupendaye kwa kelele zake zote,
Corinne