Hoja ya Tatu ya Voahangy

Ambositra

Mjukuu wangu Voahangy,

Hapa sote wazima, na mpunga umeanza kuchanua. Muhtasari wa mahubiri yako juu ya mwana mpotevu nimeusoma kwa furaha. Ila nusu ya ukurasa wa kwanza unaomba radhi kwa kuthubutu kusema mbele ya wazee, kama wafanyavyo wasemaji wa harusi huku kwetu. Bibi yako amecheka: "Mpaka amalize kuomba radhi, yule kijana kashaota mvi kwa nguruwe!" Sentensi moja inatosha, kisha ingia kwenye kisa.

Hoja zako mbili, kuondoka na kurudi, ziko wazi. Umeishia kwenye karamu, na najua kwa nini. Tangu baba yenu aliyewatelekeza arudi, kaka yako Haja husali akiwa amesimama nje ya mlango wa kanisa. Lakini kisa chenyewe kina kaka aliyegoma kuingia, na baba aliyetoka kumbembeleza. Hiyo iwe hoja yako ya tatu, mama, bila kumsema mtu.

Iwe fupi. Baba yako ameniambia kwamba hapo atainuka, atoke nje kwa Haja. Mwachie nafasi.

Ni mimi babu yako, nikupendaye,
Razafy