Jogoo wa Faini na Mwaka wa Kuonja

Misugusugu,
Kibaha.
Jumapili, 15 Juni 2025.

Mpendwa Mjomba Mwishehe,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, na lile goti liwe limekubali kukubeba hadi msikitini na kukurudisha. Vipi hali ya Mama Ashrafu na watoto? Na watani zako Wanyamwezi wa huko Tabora, wamekuachia walau shati la kuvaa? Sisi huku Alhamdulillahi. Presha ya Mama imetulia, na kuku wa Baba wamenusurika ugonjwa wa kideri uliopita mtaani.

Pole tena kwa msiba wa baba yako mdogo, Babu Jabiri. Najua habari ulizipata kwa simu, na najua iliuma kumzika mtu aliyekulea ukiwa mbali. Watu wote walielewa kuwa goti ndilo lililokuzuia. Alizikwa vizuri, Mjomba, kijiji cha Vihingo kilijaa watu.

Simu ingetosha kwa salamu, lakini wewe hukunipa ruhusa ya simu. Unakumbuka mwaka jana, Baba aliposhikilia nisome sheria, na mimi sijui ninachotaka ila najua si sheria? Mama akasema kwetu neno la mtoto halikatwi mpaka mjomba wake asikie. Ukasikia, ukasema, "Mwacheni aonje kwanza. Hata pilau huonjwa chumvi kabla ya kupakuliwa." Kisha ukaniwekea sharti: mwaka ukikaribia kwisha nikuandikie kwa mkono wangu, nikueleze nilichoonja na kilichonikaa. Basi nimeketi, naandika.

Ahsante, Mjomba. Nilitaka neno hilo litangulie habari zote. Bila wewe nisingeingia chuo hiki kinachomwachia mwanafunzi mwaka mzima wa kupita darasa hadi darasa, historia, fasihi, lugha, falsafa, mila, kabla hajachagua shahada.

Na nimeonja kweli! Falsafa ilinianza na swali kama kiti nilichokalia kipo au hakipo. Nilipomsimulia Baba alinyanyuka, akakitazama kiti chake, akakaa tena. Isimu niliipenda asubuhi, mchana ikanilaza. Historia nusura inichukue, ila kila nilipotaka kuishika nilijikuta nachungulia darasa la jirani.

Hapo ndipo hofu iliponiingia. Chuo kinataka jina la shahada kabla ya mwezi huu kwisha, na Baba aliapa kuwa nikishindwa kuchagua, ni sheria. Kila asubuhi akawa ananiita "Wakili", nami chai hainipiti kooni. Niliona nitakuaibisha, kwamba ulinipa mwaka mzima nami nikautafuna bure.

Sasa sikiliza yaliyonikuta msibani. Tumekaa uani, wanawake wanalia, mimi pia nalia. Mara anatokea Bibi Kudra, yule Mnyamwezi aliyeolewa Vihingo zamani, amevaa koti la Babu Jabiri, kofia ya Babu kichwani, na bakora ya Babu mkononi. Anachechemea vilevile alivyochechemea marehemu, anapita akigombeza waliao: "Nani kamaliza maji ya mtungi? Mnadhani nachimba kisima kwa meno?" Sauti ilikuwa ya Babu kabisa.

Mjomba, nilipandwa na hasira ambazo sijawahi kuzijua. Nilimvaa, nikamnyang'anya bakora, nikamwambia aone haya, marehemu hajatoka hata ndani.

Kilio kikakatika. Kisha Mama akaziba uso kwa kanga, na nikaona mabega yake yanatikisika kwa kicheko. Kicheko kikashika uani kote, hadi mjane wa Babu akacheka huku machozi yanamtiririka.

Bibi Kudra hakucheka. "Umemkasirikia mtani msibani? Huyu mtoto wa nani? Faini jogoo! Na kiatu nabaki nacho." Akainama, akanivua ndara ya kushoto. Nilirudi Misugusugu na ndara moja.

Huo utani wa Wazaramo na Wanyamwezi mimi niliujua kwa vichekesho vya kwenye simu tu. Njiani kurudi, kwenye kirikuu, kile kigari cha Baba cha kubebea kuku, nikamuuliza kwa nini aliyefiwa achekeshwe. Baba yetu unamjua, maneno huyatoa kwa kupima kama pumba. Siku ile alifungua gunia zima. Alinieleza kuwa mfiwa hawezi kujinyamazisha mwenyewe, na ndugu hawezi kumchekesha kwa kuwa naye amefiwa, hivyo lazima awepo mtu aliyeruhusiwa kuukata msiba. Alinieleza habari za misafara ya zamani, watu wa bara na wa pwani walivyouguzana na kuzikana ugenini mpaka wakawa watani. Mimi nauliza, yeye anajibu. Tulipofika Mlandizi nikagundua sijasinzia hata kidogo, na kwamba nilichokuwa nakitafuta chuoni mwaka mzima kilikuwa mdomoni mwa Baba. Nilifurahi hadi nikaogopa kumwambia.

Faini nayo ilikuwa na mambo yake. Baba alimpelekea Bibi Kudra kuku wa kisasa, mnene kuliko wote bandani. Bibi akamrudisha. "Huyu si jogoo, huyu ni mto wa kulalia." Ikabidi Baba aende mpaka Magindu kutafuta jogoo wa kienyeji mwenye kucha, ndipo tukarudi wote wawili Vihingo.

Bibi Kudra alimpokea jogoo, akanipa ndara yangu, akanikalisha mkekani, akanisimulia mpaka alasiri. Kisha akamgeukia Baba: "Kuku umewafuga vizuri. Mtoto umemwacha bila kumfunza."

Nikadhani Baba atakasirika atozwe faini ya pili. Badala yake akasema, "Basi akasome hizo mila. Huyu nikimpa sheria kabla hajazijua, atatufunga ukoo mzima."

Nilimbusu mkono hapohapo. Lakini naye anaijua desturi, akaongeza kuwa neno la mwisho ni la mjomba wangu. Basi nimechagua, Mjomba. Ni shahada ya mila na jamii. Naomba neno lako kabla ya mwezi kwisha, na kwa hili tu nakuruhusu upige simu.

Bibi Kudra anasema goti si udhuru kwa mtani. Ukija, uje na jogoo wako wa faini ya kukosa maziko, na asiwe wa kisasa.

Nisalimie Mama Ashrafu, Ashrafu mwenyewe na wadogo zake. Mama, Baba na shangazi Hamisa wanakusalimu sana. Mola akupe umri, akutulizie goti, na akulipe kwa ule mwaka ulionipa.

Ni mimi mpwa wako, nikupendaye kwa moyo wote,

Hajra

Tena: Baba haniiti Wakili tena. Asubuhi hii ameniita Ndara, nikaitika, na chai nikanywa vikombe viwili.