Maneno ya Kumwoza Ikram

Nkuhungu, Dodoma
Jumanne

Kwa dada yangu mpenzi Mwanahawa, Haubi,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na magoti yamepunguza ubishi. Sisi hapa hatujambo. Mimi nakula, nalala, na tundu la shingoni ninalopumulia limepona vizuri. Nimeshika kalamu kwa sababu ujumbe wa simu huwa huufungui. Nawe Naima mkwe wetu, unayemsomea mama mkwe wako, soma polepole na usiruke mstari hata ukiona aibu.

Dada, siku hizi nakaa kimya sana na mawazo yanarudi nyumbani. Juzi nilikumbuka shamba la uwele la marehemu baba kule bondeni, wewe juu ya dungu lako, mimi juu ya langu, tunawinga ndege tangu alfajiri. Ulikuwa ukipiga ukelele upande wako, nami naupokea huku, mpaka ndege hawajui waelekee wapi. Mama alikuwa akisema kwamba hata akiwa kisimani anajua nani kachoka na nani anasinzia, kwa sauti zetu tu. Lo, sauti ile! Nikaja kuitumia dukani kuuzia mafuta ya alizeti, nikaichoma kwa sigara miaka ishirini na saba, na ulinikataza. Sina wa kumlaumu.

Walipoondoa kisanduku cha sauti chote pamoja na saratani yake, daktari alinieleza kwamba nitaishi, ila sauti ile ndiyo basi. Amina mke wangu alilia. Mimi hata kilio hakikutoka. Miezi minane niliishi kwa daftari na kupiga makofi. Nikitaka chai napiga makofi, wanakuja kuku.

Kisha mtaalamu wa mazoezi ya kusema, bwana mmoja wa Bukoba anaitwa Sostenes, akanipa kifaa cha kubana shingoni, umbo lake kama tochi ndogo. Unakibonyeza, kinatetema, nawe unaunda maneno kwa ulimi na midomo. Sauti yake mbaya, sikudanganyi, haipandi wala haishuki, kama redio inayoishiwa betri. Mwanzoni alinielewa Sostenes peke yake. Wiki ya sita, Ikram alikuwa amerudi kutoka kazini Mtumba, nikamwita jina lake. Akaitika kutoka uani kabla hajakumbuka kwamba baba yake haiti watu tena. Alikuja mbio akasimama mlangoni, machozi yanamtoka.

Ndiyo maana sijatulia na uamuzi wenu. Najua ulisema, na wewe ndiye mkubwa wetu, kwamba siku ya ndoa mdogo wetu Masudi ndiye atakayemshika bwana harusi Hasani mkono na kutamka maneno ya kumwoza Ikram, maana mimi sina sauti na watu wasije wakacheka. Nami nilikubali. Niliandika neno sawa kwenye daftari, nikampa Amina akupigie. Lakini shehe wetu amesema mradi maneno yaeleweke na mashahidi wayasikie, baba anaweza kumwoza mwanawe kwa kifaa hiki. Nayafanyia mazoezi kila asubuhi mbele ya kioo. Nataka kuyasema mwenyewe, dada. Nataka mno.

Sasa Naima, hapa usicheke. Dada, unakumbuka mwezi uliopita namba ngeni ilikupigia adhuhuri, ukasikia sauti ya ajabu ajabu ikisema ni mdogo wako Mustapha? Ulimwambia ni tapeli asiye na haya, kwamba ndugu yako ni mgonjwa hana koo, na Mungu amlaani anayechezea wagonjwa. Ukakata, ukaifungia namba. Ile simu ilikuwa ya Sostenes, na tapeli yule alikuwa mimi. Nilitaka uwe mtu wa kwanza kunisikia kwenye simu. Baada ya hapo nilikitia kifaa kabatini wiki mbili, nikamwandikia Amina kwamba kimeharibika, na ni katika wiki hizo nilipoandika ile sawa ya kumwachia Masudi. Sikukasirika. Ulikuwa unanitetea, na sijawahi kutetewa kwa matusi mazito vile. Lakini niliumia, dada. Niliogopa kwamba kama wewe hunijui, hakuna atakayenijua.

Amina na Ikram wanakuamkia. Nisalimie Masudi na kila anayeniulizia hapo Haubi.

Ijumaa baada ya swala ya alasiri nitakupigia kwa namba ya Amina. Nitakutamkia maneno yote ya kumwoza Ikram, mwanzo mpaka mwisho. Ukiyaelewa, mwambie Masudi aje na kanzu yake akae na wageni. Usipoyaelewa, nitampisha bila kinyongo. Cheka ukitaka, lia ukitaka, ila safari hii usikate.

Ni mimi mdogo wako,
Mustapha